Punje za Mahindi Juu ya Picha Yangu

Asubuhi niliyoondoka kwa kaka yangu Lyamkena, pembeni ya Makambako, sikuwa nimepanga kwenda popote. Ulikuwa mwezi wa saba, majani yamepigwa na baridi mpaka yamekuwa meupe, nami nilivaa sweta mbili na koti la mtumba nikatoka kabla shemeji hajaanza kuchemsha kikombe changu. Alikichemsha kila siku, pamoja na sahani na kijiko nilichotumia, katika sufuria ya peke yake, halafu maji yale akayamwaga nyuma ya choo, mbali na kuku. Hakuwahi kunitamkia neno baya. Ningefurahi kama angenitukana, maana tusi lingenipa la kujibu. Lakini utamjibu nini mtu anayemwaga maji kimya kimya huku amegeuza uso?

Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliniona nikipita na kifurushi changu, akaniuliza, "Unakwenda wapi?"

"Nanyoosha miguu."

"Haya," alisema. Aliona kifurushi, na alijua kwamba mtu hanyooshi miguu na blanketi begani.

Naitwa Festo. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu nilitaka kujua treni inayopita Makambako inaishia wapi. Nilijificha kwenye behewa la mizigo mpaka Tunduma, nikakuta yenyewe inaendelea. Tangu hapo sikutulia. Nilichoma matofali, nikapakia viazi, na biashara ilipofunguliwa na kila mwenye lori akaanza kujiita tajiri, nikawa utingo wa malori ya mbao. Baadaye nikauza mitumba. Sitaki kujisafisha hapa: kila mji lori lilipolala, sikulala peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba nilipoanza kukohoa, na kufikia asubuhi ile suruali yangu niliifunga kwa kamba ya katani, mikunjo yote imekusanyika mbele kama gunia.

Pale njia panda nilipanda lori la kwanza lililosimama. Dereva alinitazama, akasema, "Wewe kaa nyuma na saruji." Ndani kulikuwa na nafasi mbili. Lilikuwa linaelekea Njombe, basi nami nikaelekea Njombe. Nilikohoa njia nzima, vumbi la saruji likanishika mdomoni, na nilipotema, mate yalikuwa ya kijivu yenye damu. Niliyatazama kwa makini. Nimezaliwa na ugonjwa wa kutazama mambo. Tuliposhuka nilikuwa siwezi kutembea hatua ishirini bila kuchuchumaa, na mama mmoja muuza ndizi akanionyesha kwa kidole lilipo jengo la hospitali. Ndivyo nilivyofika hospitali, bila uamuzi wowote wa busara.

Wewe unayesoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi kama lile la hospitali, najua unachokinusa. Benchi letu lilikuwa refu, limelainika kwa makalio ya watu, na kila mtu alishika kikopo chake cha makohozi chenye kifuniko. Unatakiwa ukohoe kutoka ndani kabisa, asubuhi, kabla hujala, siku tatu. Unakaa na kikopo hicho mapajani kama mtu aliyeletewa zawadi. Mzee aliyekuwa kando yangu alifungua chake akachungulia, kisha akachungulia changu. "Chako ni kizito," alisema, kama mtu anayesifia maziwa. Nilitapika palepale. Hakuna aliyeshangaa. Mhudumu akaleta majivu, akamwagia, benchi likasogea kidogo.

Ilikuwa kifua kikuu. Nililazwa miezi miwili, sindano kila asubuhi, leo tako hili kesho lile, mpaka nikawa nalala kifudifudi tu. Vidonge vyekundu viligeuza mkojo wangu rangi ya chungwa, na jasho likatia shuka madoa. Mdomoni kulikuwa na utando mweupe uliofanya uji uwe na ladha ya pamba. Nywele zilinyooka na kuwa laini kama za mtoto mchanga. Halafu ukaja mkanda wa jeshi, malengelenge yaliyonizunguka mbavu za kushoto kutoka mgongoni mpaka chini ya chuchu, maumivu ambayo hata shati lilikuwa adui. Nilijichukia. Watu husema mgonjwa hujionea huruma, lakini mimi nilijionea kinyaa. Nilikuwa nikiamka nikauangalia mkono wangu juu ya blanketi nikatamani mtu auondoe.

Damu walipima pia. Majibu nilipewa kwenye korido, nimesimama, na muuguzi aliyekuwa na haraka. "Na ule mwingine unao," alisema, akaendelea na beseni lake. Wakati ule hakukuwa na vidonge vya kila siku hivi tunavyomeza sasa. Kulikuwa na kusubiri tu.

Mambo madogo mazuri yalikuwepo, na ninayaandika kwa sababu utayahitaji. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa Kikinga mfanyabiashara wa viazi, alikuwa akiletewa viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi. Kila jioni aliweka vitatu kando ya mto wangu, hata siku ambazo sikuvila. Na jua la saa nne lilikuwa likifika kwenye ngazi za wodi, tukatoka wote na mablanketi yetu kuliota.

Ni kwenye ngazi hizo ndipo Mwalimu Mtewele alinikuta. Alikuwa mwanamke mstaafu wa ualimu, mnene, mwenye sauti ya ubaoni, aliyezunguka vijijini akizungumza na vijana kuhusu ukimwi kwa kutumia picha kubwa alizobeba kwenye mfuko wa nailoni. Siku hiyo alikuja na mchoraji, kijana kutoka Dar es Salaam aliyekuwa anatetemeka kwa baridi.

"Kamwene, kaka," alinisalimia Kibena. "Nina shida na picha yangu."

Akaitoa. Ilimwonyesha mwanaume amekaa kwenye kigoda juani, amejifunika blanketi mpaka shingoni, kofia ya sufu kichwani, macho yameingia ndani kidogo.

"Unaona nini?" aliuliza.

"Mtu anaota jua."

Mwalimu alimgeukia mchoraji. "Umesikia? Vijiji vyote wananijibu hivyo hivyo. Nauliza huyu ana shida gani, wananiambia, Mwalimu, huyu amemaliza kupalilia. Mmoja kaniambia ni baba yake."

Mchoraji alijitetea kwamba Dar es Salaam mtu akijifunika blanketi saa nne asubuhi, kila anayepita anajua ni mgonjwa. Nilicheka mpaka nikakohoa. Njombe mwezi wa saba hata mchungaji huhubiri na blanketi.

Basi walitaka mgonjwa ambaye vijana wataona kweli ni mgonjwa. Waliniomba nivue sweta. Nilikubali, na sikukubali kwa ajili ya kuwaokoa vijana. Nilitaka kuona penseli inavyofanya mtu atokee kwenye karatasi. Nilikaa kifua wazi kwenye baridi ile, na kijana akachora mbavu, moja moja, na mifupa ya bega, na alama mbichi za mkanda wa jeshi. Alikuwa fundi. Aliponionyesha, nilijiona kama kuku aliyenyonyolewa akaachwa. Nikaona pia vidonda midomoni na shingoni.

"Hivi sina," nilisema.

"Bila vidonda hawaogopi," alijibu, akaendelea kutia rangi nyekundu.

Mwalimu alinipa mche wa sabuni. Nikarudi kitandani nikajifunika uso.

Miezi miwili ilipokwisha niliruhusiwa kutoka, nikabaki Njombe nikichukua vidonge vya miezi sita iliyobaki. Nililala kwenye banda la fundi seremala kwa kumlindia mbao zake. Nilikula. Sijui nieleze vipi njaa inayokuja mwili ukiamua kurudi. Nilikuwa nikikuta nimemaliza chungu cha maharage na bado natazama chungu. Mahindi mabichi yalipoanza kuchomwa barabarani, nilimeza kidonge cha mwisho, na suruali ilikuwa haihitaji kamba. Mashavu yalijaa. Nywele zikajisokota tena. Nikarudi Makambako, nikapata kazi kwenye gesti moja karibu na wanapoegesha malori: kufagia, kufua mashuka, kuandika namba za vyumba kwa rangi.

Kaka alikuja kunitazama. Alinizunguka kama anayenunua ng'ombe, kisha machozi yakamtoka. "Kumbe ilikuwa kifua tu," alisema.

Nilimwangalia nikaona jinsi alivyotaka iwe hivyo. "Kilikuwa kifua," nilijibu.

Jumapili yake shemeji akaniletea kuku mzima wa kukaanga, amefungwa kwa kitambaa kisafi, akaomba nimsamehe kama alinikosea. Nilikula kuku huyo wote, na kila tonge lilikuwa na uongo wangu ndani yake.

Baada ya mavuno nilimwona Mwalimu Mtewele akishuka kwenye gari na mfuko wake wa nailoni, akaingia kwenye darasa moja la shule ya msingi ambamo vijana wa pale mjini walikuwa wamekusanyika Jumamosi mchana. Sikuweza kupita. Nilijipenyeza nikakaa dawati la nyuma. Mwalimu alinitazama usoni akapitisha macho. Hakunitambua hata yeye.

Alitandaza picha tano juu ya madawati matano: bwana mnene mwenye tai, msichana wa shule, dereva, mama na mtoto mgongoni, na mimi. Kila kijana alipewa punje tatu za mahindi aziweke juu ya picha ya mtu anayedhani anaweza kumwambukiza. Ilikuwa njia nzuri, maana wenye aibu ya kusema huweza kuweka punje.

Walinizika. Punje zilirundikana juu ya picha yangu mpaka mbavu hazikuonekana. Dereva alipata chache, msichana wa shule mbili, za utani. Bwana mwenye tai hakupata hata moja.

"Mbona wote kwa huyu?" Mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, huyo hata mbwa hamfuati," alisema kijana mmoja mpiga debe.

"Akija gesti, anataka chumba au jeneza?" mwingine akadakia, darasa likavunjika kwa kicheko.

Msichana mmoja alisimama. Aliitwa Yusta, alikuwa akimsaidia mama lishe pale malori yanaposimama, na nilikuwa nakula kwao. Alikuwa na miaka kumi na tisa hivi. "Mimi nawauzia watu chakula kila siku, nawaona wanavyotafuna," alisema. "Mtu kama huyu simsubiri avue shati. Namjua kwa macho, namjua kwa anavyoshika kijiko. Huyu hanipati."

Walimpigia makofi. Mwalimu alijaribu kuuliza kama mtu anaweza kuwa na virusi asionekane, wakasema ndiyo, kwa pamoja, kama wanavyojibu jedwali la kuzidisha, wakarudi kuitazama picha na kusonya. Nami nilicheka nao. Hiyo ndiyo sehemu inayonichefua mpaka leo. Kijana wa mbele yangu aligeuka akiwa amekunja pua, akaniambia, "Kaka, angalia takataka hiyo," nami nikamjibu, "Naiona."

Kuanzia wiki ile Yusta alianza kuniongezea nyama. "Ongeza supu, kaka Festo," alikuwa akisema, "usije ukakonda tukakuwekea mahindi." Wateja wanacheka. Aliniambia nina mashavu ya mtu mwenye amani. Alipenda maswali yangu, maana mimi humuuliza kila mtu kila kitu, na aliniuliza yake: Tunduma kukoje, treni inalalaje. Nilikuwa sijaguswa na mtu kwa wema tangu nianze kuumwa. Sindano haihesabiki.

Jumapili moja mchana alikuja uani nilipokuwa naanika mashuka. Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Leo gesti yenu haina watu," alisema.

"Malori yamekwenda Songea."

Aliinuka akashika ncha ya pili ya shuka tulikamue, na shuka lilipokwisha kukamuliwa aliuacha mkono wake kwenye wangu. Sikuuondoa. Nakuambia ukweli wewe unayesoma kwa sababu unaweza kufika hapo: nilifikiria chumba namba nne kilichokuwa wazi, nikafikiria kondomu zilizokuwa kwenye droo ya mapokezi, kisha nikajiambia kwamba labda hospitali walikosea, kwamba mtu mwenye mashavu haya hawezi kuwa nao. Nilijitazama kwa macho ya darasa lile. Nikaona mimi mwenyewe naweka punje zangu kwa yule mwembamba wa kwenye karatasi, na kujiacha.

"Nenda kwenu," nilimwambia.

"Nina kosa gani?"

Sikuwa na ujasiri wa kusema neno lenyewe. "Unanuka vitunguu," nilisema.

Alinusa mikono yake. Nadhani hata yeye hakujua kwamba anainusa. Kisha akaondoka akipita chini ya mashuka.

Siku ya tatu nilimwona amekaa ndani ya Fuso, mbele, na dereva mmoja wa upande wa Mbeya aliyeitwa Bonge kwa sababu ya tumbo lake. Bonge namjua. Niliwahi kuwa utingo wake. Kila mji lori lake lilipolala, yeye naye hakulala peke yake, na wawili kati ya wanawake wale nilikwisha kusikia wamezikwa. Sikujua kama anao. Hakuna aliyejua. Lakini Yusta alikuwa akimwangalia yale mashavu, akicheka, nami nilijua kabisa anaona nini.

Nilikwenda Njombe kwa Mwalimu Mtewele. Nilimkuta anamenya viazi. Ilinibidi nijitambulishe mara mbili.

"Mwalimu, ichome ile picha."

"Ile? Ndiyo picha inayowafanya waongee. Ile ya blanketi walikuwa wanalala."

"Wanaongea, lakini wanaongea uongo. Wanatoka pale wakijua kwamba anayeambukiza ni mtu mchafu mwenye mbavu. Mimi wananiongezea nyama."

Aliacha kisu. Alinitazama mashavu, na niliona uso ukimshuka. "Nimezunguka nayo karibu mwaka mzima," alisema.

"Irudishe Makambako. Nitasimama kando yake."

"Watakufukuza kazi, mwanangu. Na kaka yako?"

"Najua."

"Hujui. Umeponyoka mara moja, unadhani utaponyoka tena." Kisha akauliza, "Ni msichana?"

"Ndiyo. Lakini si wangu."

Alirudi Jumamosi ya wiki iliyofuata. Vijana walikuja wengi zaidi, maana habari ya mchezo wa mahindi ilikuwa imeenea. Yusta alikaa upande wa dirisha, hakunitazama. Picha zilikuwa tano kwenye madawati, na Mwalimu akasema leo ipo ya sita, nami nikasimama kando ya dawati la mwisho nimekinga viganja.

Walicheka. "Kaka Festo wa gesti? Huyo tunaweka nini, chumvi?" Walipita mmoja mmoja. Picha yangu ilijaa kama kawaida. Viganja vyangu vilibaki vitupu. Yusta alipofika kwangu alisimama, akanitazama mashavu kwa chuki, akanipita, akamwaga zake tatu kwenye mbavu za karatasi.

Ndipo nikavua sweta na shati. Nilisema, "Huyu ni mimi. Nilichorwa wodini mwaka jana. Vidonda aliongeza, vingine vyote ni vyangu."

"Acha utani, kaka," alisema yule mpiga debe.

Nikaishika picha nikaikung'uta mahindi, nikaiweka kifuani. Alama za mkanda wa jeshi zilikuwa zimekauka na kuwa nyeusi, lakini mstari ulikuwa ule ule, ubavu kwa ubavu. Waliinuka kwenye madawati kuangalia. Wa mbele walirudi nyuma. Kijana aliyeniambia niangalie takataka alijifuta mkono kwenye suruali, ule niliokuwa nimemsalimia nao.

Mwalimu hakusema kitu. Namshukuru mpaka leo kwa kunyamaza kule. Swali la kwanza lilitoka kwa mpiga debe mwenyewe, kwa sauti ya chini.

"Na sasa unao?"

"Ninao."

"Na unakula hivyo?"

"Nakula hivi."

Basi wakaanza. Mwingine aliuliza kama mtu akipima lazima aambiwe mbele za watu. Msichana mmoja akauliza, "Kama mtu ni mnene na ana pesa na ana mke, unaanzaje kumwambia mkapime? Unamwambiaje?" Hakuna aliyecheka. Walijaribu maneno kwa kuigiza: mmoja akawa bwana, mwingine akawa yeye mwenyewe, na yule bwana wa mchezo akajibu kama mabwana wanavyojibu, hata wakaanza kugombana kweli. Mwalimu akapasua mfuko mtupu wa saruji, akawapa makaa, akasema wachore wenyewe watu wanaowaogopa na wasiowaogopa. Walichora malori. Walichora mwenye duka, na tumbo lake. Mmoja alijichora yeye mwenyewe, akaifuta haraka kwa kiganja. Picha ya mchoraji wa Dar es Salaam ililala chali juu ya dawati, hakuna aliyeihitaji.

Yusta alikuwa ametoka zamani. Alitema mate mlangoni, nikamsikia.

Gesti walinifukuza siku ile ile. Mwenye gesti hakuja mwenyewe. Alimtuma mke wake, aliyesimama upande wa pili wa ua akaniambia niache ufunguo juu ya ukuta. Mashuka yote niliyokuwa nimefua asubuhi, masafi, yenye harufu ya jua, yalikuwa yanawaka moto kwenye shimo la takataka. Nililala siku nne kwa ndugu zake Mwalimu Mtewele, pale pale Makambako. Kaka alikuja mpaka kwenye uzio. "Ungeniambia mimi kwanza," alisema. Nilimwambia ni kweli, na ni kweli. Kama unasoma haya na una ndugu, anza na ndugu, hata kama ni mdhaifu. Mimi nilianza na darasa, na kaka yangu alisikia sokoni, kwa mtu anayeuza vitunguu. Hilo sijalitengeneza vizuri hata sasa.

Siku ya tano nilichukua kifurushi nikaenda kwenye malori. Yusta alikuwa anapanga sufuria. Aliniacha nisimame muda mrefu.

"Siku ile uani," alisema bila kugeuka. "Ungenikubalia?"

"Nilikuwa karibu."

"Bila kuniambia?"

"Bila kukuambia."

Alipangusa sufuria ambayo ilikuwa kavu. "Wewe ni mbaya kuliko yule wa kwenye picha," alisema. "Yule angalau anaonekana." Nikakubali. Akaendelea, "Bonge nimemwambia twende Njombe tukapime. Akaniuliza kama amekonda. Nikamwambia hata kaka Festo hajakonda. Sasa anakula kwa mama lishe mwingine."

"Na wewe?"

"Nimekwenda peke yangu." Ndipo akageuka, na uso wake ulikuwa umechoka, umetulia. "Wiki ijayo nachukua majibu. Usiniulize tena, na usiwe hapa."

Sikujua majibu yake kwa miaka mitatu. Nitayasema hapa, ili usibaki unawaza: alikuwa salama, na yuko hai, ana watoto wawili na duka la vyombo. Ni yeye aliyeniruhusu niandike.

Lori lililokuwa karibu lilikuwa limebeba magunia matupu, linakwenda kupakia viazi. "Wapi?" nilimuuliza dereva. "Matamba," alisema. Sikuwahi kufika Matamba. Nikapanda.

Baada ya Chimala barabara ilianza kupanda kwa kona juu ya kona, bonde likazama chini yetu, na baridi ikawa ya aina ambayo hata Njombe hatuna. Tulifika mchana unaisha. Dereva alinielekeza kwa mama mmoja mjane mwenye vyumba viwili vya uani ambavyo huwapangishia wapakiaji. Nilimkuta anapeta maua makavu ya pareto. Nilisalimia, nikaeleza kwamba natafuta chumba, na kabla hajajibu nikamwambia nilicho nacho, kwa jina lake, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuingia kwenye nyumba za watu na uso peke yake.

Alisimamisha ungo. Alinitazama miguuni, akapanda taratibu mpaka kwenye mashavu.

"Huonekani," alisema.

"Ndiyo, mama. Sionekani."

"Hata mume wangu hakuonekana." Akauweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri, akatangulia kwenda kunionyesha mlango. "Hiki cha huku kina dirisha bovu. Chukua kile cha kule."

Nikachukua cha kule.